Kunawa mikono kwa wanafunzi 600: stendi ya kukanyaga, ndoo ya koki, kibuyu chirizi na bomba la matundu kwenye mizani

Mwaka 2020 stendi ya chuma yenye makanyagio mawili ilikuwa kila mahali: mlangoni mwa benki, kituo cha mabasi, msikitini, kanisani. Shule za msingi zilipofunguliwa tena, Tanzania kuanzia Juni 29, 2020 na Kenya kwa awamu kuanzia Oktoba 12 mwaka huohuo, stendi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kununuliwa au kutolewa msaada. Bungoma mtoto wa miaka 9 alitengeneza ya kwake kwa mbao, na Juni 2020 Rais wa Kenya akamtunuku tuzo ya Uzalendo. Korona imepungua makali, lakini kipindupindu hurudi na mvua, na Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza homa ya mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa baada ya kusambaa Kongo na kuingia nchi jirani. Kamati za shule bado zinaletewa nukuu za bei za vifaa vilevile, na wauzaji bado wanavionyesha kwa namna ileile: mtu mmoja mzima, mbele ya ofisi, ananawa, watu wanapiga makofi.

Mtu mmoja si kipimo cha shule. Kipimo ni foleni.

Chukulieni shule ya kawaida yenye wanafunzi 600 na mapumziko ya dakika 30. Kunawa kunakofaa ni kulowesha mikono sekunde 5, kupaka sabuni na kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na kucha kwa sekunde 20, kisha kusuuza sekunde 10. Ongeza muda wa mmoja kuondoka na mwingine kusogea, unakaribia dakika nzima. Kwa hiyo sehemu moja ya kutokea maji inahudumia mtoto mmoja kwa dakika, watoto 30 kwa mapumziko. Wanafunzi 600 wanahitaji sehemu 20. Shule iliyopewa stendi mbili za kukanyaga imenawisha watoto 60. Waliobaki 540 watajifuta kwenye sare na kwenda kunywa uji. Vifaa vyote hapa chini vimepimwa kwa hiyo namba 20, pamoja na maswali mawili: maji kiasi gani yanakwenda, na nini kitaharibika kwanza.

Stendi ya kukanyaga

Sifa yake ni ya kweli: mkono haugusi koki wala chupa ya sabuni. Tatizo ni kinachounganisha kanyagio na koki, na hapo kuna aina tatu ambazo kwa mbali zinafanana.

Aina bora hutumia fimbo ya chuma iliyonyooka: ukikanyaga, fimbo inavuta mkono wa koki yenye springi, ukiachia inajifunga. Aina ya pili hutumia waya wa breki wa baiskeli. Ni rahisi na laini kukanyaga, lakini waya hukatika nyuzi moja moja pale unapoingia kwenye ala yake, maji yanapoingia unashika kutu, na ukikwama koki inabaki wazi mpaka ndoo iishe. Aina ya tatu haina koki kabisa. Kanyagio linaachia kibanio kinachobana mpira wa maji. Mpira hukakamaa kwa jua, unapasuka pale unapobanwa, na kuanzia hapo unachuruzika usiku kucha. Mkinunua, ulizeni fimbo. Waya unakubalika ikiwa mwalimu wa zamu anajua kuubadilisha na kuna wa akiba stoo. Mpira msiuchukue.

Kosa la pili ni kimo. Mafundi wengi wa kuchomelea hutumia vipimo vya watu wazima, mdomo wa koki ukiwa mita 1 kutoka chini. Mtoto wa darasa la kwanza akiinua mikono hapo, maji yanateremka hadi kwenye viwiko na kulowesha shati, naye kesho yake anakwepa. Kwa madarasa ya chini koki iwe sentimita 70 hadi 75 na ukingo wa beseni usizidi 60. Mtoto huyo ana uzito wa kilo 20 hivi na anasimama kwa mguu mmoja huku akikanyaga kwa mwingine, kwa hiyo springi ngumu humshinda. Jaribio rahisi dukani: wekeni mfuko wa kilo 5 juu ya kanyagio, bila kusukuma. Maji yakitoka, springi inafaa. Yasipotoka, rudisheni kwa fundi.

Kisha kuna kuanguka. Ndoo ya lita 50 iliyojaa ni kilo 50 zilizokaa juu ya miguu minne myembamba, na watoto watabembea juu ya kanyagio, hakuna namna ya kuwazuia. Miguu itanuke au ishikiliwe na zege. Stendi inayoyumba ukiisukuma kwa mkono mmoja haifai kukaa uwanjani.

Kanyagio la sabuni ndilo hufa mapema zaidi. Linabonyeza pampu ya chupa, na pampu hiyo ilitengenezwa kwa vidole vya mkono, siyo kwa mguu wa mtoto anayerukaruka. Sabuni ya maji ya kutengenezwa mtaani mara nyingi ni nzito, inakwama kwenye kigololi kidogo ndani ya pampu, hasa asubuhi za baridi. Ichujeni kwa kitambaa na kuizimua kabla ya kuijaza. Na kagueni kama kishikizo cha chupa kinapokea ukubwa wowote. Kuna stendi zilizochomelewa kwa chupa ya aina moja tu, ikipasuka kanyagio linabonyeza hewa.

Nunueni moja au mbili kwa ajili ya geti na ofisi, wanakoingia wageni na wazazi. Kwa mapumziko ya shule nzima bei yake haiingii akilini, maana mngehitaji ishirini.

Ndoo yenye koki

Ghana wanaiita kwa jina la Veronica Bekoe, mtaalamu wa maabara aliyeibuni, na kwetu iko hata kwa mama ntilie. Ni ndoo ya lita 20 yenye koki karibu na kitako, beseni au ndoo nyingine chini yake. Kwa nusu lita kwa kila mtoto, inanawisha watoto 40 kisha inahitaji kujazwa. Hapo ndipo hesabu inapouma: wanafunzi 600 kunawa mara moja ni ndoo 15 za kubeba. Mkiweka moja kwenye mlango wa kila darasa na watoto wa zamu kuijaza asubuhi, inafanya kazi vizuri, hasa kwa darasa la awali na la kwanza ambao mwalimu yupo nao wakati wa uji.

Inavuja kwa sababu moja karibu kila mara: tundu lilitobolewa kwa chuma cha moto, likawa na umbo la yai, na raba haiwezi kuziba pengo. Tundu litobolewe kwa keekee ya duara, raba ziwe mbili, moja ndani na moja nje, nati ikazwe kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha, plastiki inapasuka. Koki ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya kitako ili tope libaki chini. Chagueni koki ya mkono mrefu inayofungwa kwa kiwiko au mgongo wa mkono. Ile ya kuzungusha kwa vidole inamrudishia mtoto uchafu aliouacha hapo wakati wa kufungua.

Kibuyu chirizi

Kilianzia Zimbabwe miaka ya 1980, na mpaka leo hakuna kifaa kinachoshinda uchache wake wa maji. Dumu la lita 5 linaning'inia kwenye mti mlalo, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, ukikanyaga dumu linainama na maji yanachirizika kupitia tundu la msumari. Mtoto akifundishwa, ananawa kwa chini ya robo lita. Dumu moja linatosha watoto 25 hadi 35, na madumu 20 yanafikisha ile namba yetu bila kununua chochote zaidi ya kamba na misumari. Shule isiyo na fungu la fedha isione haya kuanzia hapa.

Ila kinahitaji matunzo ya kila siku, na hapo ndipo shule nyingi hushindwa. Kamba hukatwa na ukingo wa tundu la mfuniko. Ipitisheni ndani ya kipande kifupi cha mpira wa maji, itadumu. Nguzo za mti huliwa na mchwa, basi zichovyeni oili chafu sehemu itakayofukiwa. Tundu hupanuka kwa kuchokonolewa na watoto, likishafikia unene wa penseli dumu linaisha kabla foleni haijafika katikati. Badilisheni dumu, msizibe kwa gundi. Sabuni ya kipande iliyotundikwa kwa kamba huibiwa, na ukanda wa pwani mwizi mara nyingi ni kunguru. Itieni ndani ya soksi kuukuu au wavu wa vitunguu na kuifunga fundo. Sabuni inatoa povu vizuri tu kupitia kitambaa.

Mahali pake pa asili ni nje ya vyoo, umbali wa hatua chache, mtoto akitoka akikute mbele yake. Kikiwekwa nyuma ya jengo hakitumiki.

SATO Tap ni ndugu yake wa kiwandani: kikombe cha plastiki kinachopokea chupa iliyogeuzwa kichwa chini, unasukuma ncha kwa mgongo wa mkono na maji yanatoka membamba. Ni safi na haina cha kukatika, inafaa ndani ya darasa, chumba cha huduma ya kwanza na choo cha walimu. Chupa yake ndogo haiwezi foleni ya mapumziko.

Bomba la matundu

Hiki ndicho tungekinunua, au tuseme tungekijenga, kwa sababu dukani hakipo kikiwa tayari. Ni bomba moja refu lililolala kwenye nguzo, lenye matundu madogo, koki moja tu upande wa tangi, na kiranja mmoja anayeifungua na kuifunga kwa ajili ya kundi zima. Mtindo wa kunawa kwa kundi umetumika sana katika shule za Ufilipino kupitia mpango wa Fit for School, na mantiki yake inashinda hata ile ya kukanyaga: watoto 20 wananawa na hakuna hata mmoja aliyegusa kitu.

Bomba la PVC la inchi 1 huuzwa kwa urefu wa mita 6. Chukueni lile nene la maji ya presha, siyo jepesi la maji taka. Anzeni sentimita 30 kutoka mwisho, kisha wekeni alama kila sentimita 60. Mnapata alama 10. Kwenye kila alama toboeni matundu mawili ya milimita 3, moja likielekea upande huu na jingine upande ule, yote yakiangalia chini kwa mshazari wa nyuzi 45. Watoto kumi wanasimama kila upande, ishirini kwa mkupuo. Baada ya kutoboa pitisheni kitambaa kilichofungwa kwenye waya ndani ya bomba kuondoa vinyweleo vya plastiki, la sivyo vitaziba matundu siku ya kwanza na fundi atawaambia tangi halina presha. Mwisho wa bomba usigundishwe. Uwe na kizibo cha kufungua, ambacho kila Ijumaa kitatolewa ili mchanga utoke kwa kishindo cha maji.

Presha inatokana na kimo cha tangi. Kitako cha tangi kikiwa mita 1 juu ya bomba, tundu la milimita 3 linatoa lita moja na ushee kwa dakika. Kiranja anafungua sekunde 5, anafunga watoto wakipaka sabuni na kuhesabu hadi 20 kwa sauti, anafungua sekunde 10. Kila mtoto ametumia takriban theluthi moja ya lita. Wanafunzi 600 wakinawa mara nne kwa siku (kufika, kutoka chooni, kabla ya uji, baada ya michezo) ni lita 700 hadi 800. Tangi la lita 1,000 linamaliza siku. Linganisheni na koki ya kawaida inayotoa lita 6 kwa dakika na kuachwa wazi wakati mtoto anajisugua: lita 3 kwa mtoto, zaidi ya lita 7,000 kwa siku, na shule inayonunua maji kwa boza itakuwa imeacha kunawisha ndani ya wiki mbili.

Na foleni? Ishirini kwa dakika. Wanafunzi 600 wanaisha ndani ya nusu saa. Madarasa yakipishana kwa dakika tano tano, hakuna msongamano, ambao wakati wa mlipuko ndio ulitaka kuuepuka tangu mwanzo. Kinachowashangaza waliozoea kunawisha watoto kwenye ndoo moja ni kwamba msongamano wa kunawa wenyewe unaweza kuwa mbaya kuliko mikono michafu.

Bomba liwe sentimita 65 hadi 70 kutoka chini, basi kitako cha tangi kifike mita 1.7. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Msikubali jukwaa la mbao wala la mabomba membamba. Jengeni kwa tofali na bamba la zege lenye nondo, na mviringo wa tangi wote ukae juu ya zege, kwa maana plastiki inayoning'inia ukingoni hupasuka. Bomba lishikiliwe na nguzo kila mita moja na nusu. Watoto watalikalia.

Yanayoharibika: jua hukausha PVC ikawa kama kaki, hivyo lipakeni rangi au liwekeni chini ya paa. Ukungu wa kijani hukua ndani ya tangi linalopitisha mwanga. Tangi liwe jeusi na mfuniko ufungwe. Matundu huziba kwa chumvi mahali penye maji magumu, na msumari mwembamba unatosha kuyazibua, mradi usiyapanue. Bomba la chuma lingedumu zaidi lakini linaibiwa na kuuzwa chuma chakavu, kwa hiyo plastiki ndiyo salama zaidi kwa shule isiyo na mlinzi.

Sehemu inayosahaulika ni maji machafu. Lita 700 kwa siku zikimwagika mahali pamoja zinafanya tope, tope linafanya watoto wateleze, na mbu wanazaliana. Sakafu iwe zege iliyoinama sentimita 2 kwa kila mita, ikimwaga kwenye mtaro hadi shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita moja na nusu, lililojazwa mawe. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo halinyonyi. Pelekeni maji kwenye migomba. Maji ya sabuni kidogo hayaiumizi.

Sabuni ndiyo inayoisha

Kifaa chochote kati ya hivi bila sabuni ni pambo, na bajeti nyingi za shule hununua kifaa na kusahau sabuni. Hesabu ya sabuni ya maji ya dukani: mililita 2 kwa mtoto, mara 600, mara 4, ni karibu lita 5 kwa siku, galoni nzima ya lita 20 kabla wiki ya shule haijaisha. Hakuna kamati itakayovumilia.

Badala yake tengenezeni maji ya sabuni. Gramu 30 za sabuni ya unga, takriban vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, ndani ya chupa ya lita 1.5, tikisa, toboa mfuniko tundu moja la msumari, minya. Mtoto anapata mililita 5 hivi, povu linatosha. Kwa wanafunzi walewale 600 mnatumia lita 12 za mchanganyiko, yaani chupa 8, yaani gramu 240 za unga kwa siku. Kilo moja na robo kwa wiki. Mikono ikianza kukauka au kuwasha, badilisheni aina ya unga au tumieni vipande vya sabuni ya kufulia vilivyolowekwa. Msipunguze unga mpaka povu lipotee. Mwalimu wa afya ndiye atunze unga, viranja wapewe chupa asubuhi na kuzirudisha jioni.

Vingine vinavyokuja kwenye nukuu hiyohiyo ya bei

Vitakasa mikono vina mahali pake: meza ya mwalimu, gari la shule, darasa lisilo na maji. Kilevi kisipungue asilimia 60, na fomula ya Shirika la Afya Duniani ya ethanoli inafikia 80. Kwa lita 10 ni mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kujaza. Inaachwa saa 72 kabla ya kutumika. Hiyo ni kazi ya maabara au duka la dawa, haifai jiko la shule, kwa sababu ethanoli inawaka moto na mtoto anaweza kuinywa. Kwenye mikono yenye vumbi na jasho la mpira wa miguu dawa hiyo haifanyi kazi ipasavyo. Msinunue kama mbadala wa maji.

Vibanda vya kupulizia dawa mwili mzima: hapana. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Mei 2020 kwamba kupulizia watu dawa ya kuua vijidudu hakupendekezwi kwa hali yoyote. Klorini inaunguza macho, inaamsha pumu, na haimgusi kirusi aliyeko kooni.

Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kina kasoro inayojulikana na isiyosemwa: mtoto aliyetembea juani kilomita mbili ana paji la moto, na aliyenyeshewa na mvua ana paji la baridi. Wakae kivulini dakika 15 kwanza. Kifaa chenyewe kikiachwa juani kinadanganya. Hakikisheni kimewekwa upande wa kupima mwili, kwani vingi vina kitufe cha kupima vitu, na kwa upande huo mtu mzima wa afya huonyesha nyuzi 33 au 34. Wapimwao 37.5 na zaidi wapumzishwe na kupimwa tena kwa kipimajoto cha kwapani. Watoto wengi walioambukizwa korona hawakuwa na homa kabisa, kwa hiyo kimoja getini kinatosha. Fedha za cha pili zinunue sabuni.

Barakoa za kitambaa za shule ya msingi zinafaa zikiwa na tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya, katikati kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, nje kitambaa kisichonyonya sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020 haukutaka watoto wa miaka 5 na chini wavalishwe, uliwaachia wa miaka 6 hadi 11 kutegemea hali ya maambukizi, na wa 12 kwenda juu wakachukuliwa kama watu wazima. Tatizo la shule ni kwamba watoto hubadilishana kama kofia. Agizeni zilizoshonwa uzi wa rangi tofauti kwa kila darasa, na kila mtoto aandikwe jina lake ndani. Ziwe mbili kwa mtoto, moja inafuliwa. Iliyolowa jasho ivuliwe, haichuji tena na inazuia pumzi.

Kwa magonjwa yanayokwenda kwa hewa, na korona ni mojawapo, kifaa chenye nguvu kuliko vyote hapo juu ni dirisha. Mikono safi hukinga vizuri kuhara na kipindupindu. Hewa ya darasa lenye watoto 80 ni habari nyingine. Madirisha ya nondo bila vioo, yaliyo pande mbili zinazotazamana, hayana mpinzani, na shule nyingi za zamani tayari zinayo. Yaliyozibwa kwa mabati au tofali kwa sababu ya wizi yafunguliwe na kuwekwa nondo. Nyanda za baridi kama Makete au Limuru, ambako Juni na Julai kila kitu hufungwa, acheni walau sehemu ya juu ya dirisha wazi pande zote mbili na watoto wavae sweta.

Anayetaka kupima hewa kwa namba anaweza kununua kipima kabonidayoksaidi kimoja cha kuzungusha darasa hadi darasa. Nje kinasoma karibu 420 ppm, yaani sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Darasani chini ya 800 ni vizuri, ikipita 1,500 watoto wanavuta pumzi za wenzao. Soko limejaa vya bandia ambavyo havipimi gesi hiyo, vinakisia kutokana na harufu. Kuvigundua ni rahisi: fungueni chupa ya kitakasa mikono karibu nacho bila kupumulia. Namba ikiruka ghafla, ni bandia.

Kabla ya kusaini hati ya mapokezi

Jazeni kila tangi na ndoo hadi juu na kuziacha usiku mzima juu ya karatasi kavu. Kanyageni kila kanyagio mara 50 mfululizo, kisha mwite mtoto mdogo kuliko wote wa darasa la kwanza akanyage mwenyewe. Kwenye bomba la matundu fungueni koki na kusimamisha chupa tupu za nusu lita chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa sekunde 15: ya mwisho ikipata chini ya robo tatu ya ile ya kwanza, kuna takataka ndani au bomba limeinama, na fundi arudi kabla hajalipwa. Ombeni raba za akiba kumi, koki mbili na keekee ya milimita 3, na ziandikwe kwenye hati yenyewe kwa idadi, siyo neno "vipuri".